Mbwa Hana Kesi, Mwenye Kamba Anayo

Mtu anayetembea na mbwa asubuhi katika mitaa ya Kigali hupokelewa kwa namna mbili. Wapo wanaosimama, wakainama, wakauliza jina la mbwa kabla ya kuuliza jina la mtu. Na wapo wanaovuka barabara. Hawa wa pili hawasemi neno. Wanavuka tu, wakati mwingine wakiwa bado mbali hatua hamsini, kiasi kwamba mwenye mbwa asiyeangalia vizuri hatajua kamwe kuwa yeye ndiye sababu. Insha hii inawahusu watu hao wawili na mbwa aliye kati yao. Ninauliza: furaha ya kumtembeza mbwa mahali pa watu wote ina uzito gani mbele ya hofu ya yule anayevuka? Na hofu hiyo ina haki gani juu ya mbwa ambaye hajafanya kosa lolote?

Nianze na furaha, maana ndiyo inayodharauliwa. Katika masomo yetu ya maadili tunazungumza sana juu ya mateso ya wanyama, na kidogo sana juu ya raha ya kuwa nao. Jeremy Bentham aliandika mwaka 1789 kwamba jambo la kuuliza kuhusu mnyama si kama anafikiri wala kama anasema. Tuulize kama anaweza kuteseka. Hoja hiyo ilikuwa nzito kwa wakati wake na bado ina nguvu, lakini inamwona mbwa pale tu anapopigwa. Mbwa anayeshuka mteremko wa Kimihurura saa kumi na mbili asubuhi, mkia juu, masikio mbele, hapigwi na mtu. Bentham hana la kusema juu yake.

Anayemtembeza mbwa hulazimika kwenda kwa mwendo wa pua. Mbwa anasimama penye jiwe ambalo wewe umelipita miaka mitatu bila kuliona, analinusa kwa makini kama mzee anayesoma barua, halafu anaamua kwamba lazima arudi nyuma hatua nne kulinusa tena. Mji wetu ni wa milima. Mtu akipanda kutoka Kacyiru akiwa na mbwa hupumzika mara kumi bila kukusudia. Katika vituo hivyo kumi ndipo anapowajua majirani. Nyumba nyingi za Kigali zina ukuta na geti, na watu wanaweza kuishi miaka wakiwa wamegawanywa na matofali tu bila kujuana majina. Mbwa anavunja ukimya huo upesi kuliko kikao chochote cha mtaa. Mlinzi wa geti la kijani anatoka kumsalimu. Mtoto anayekwenda shule anauliza kama anaweza kumgusa. Baada ya miezi miwili unajulikana kuwa "mwenye Simba", kama vile mzazi anavyoitwa Mama fulani au Baba fulani kwa jina la mwanawe, na hakuna anayekumbuka jina lako halisi.

Furaha hiyo huonekana zaidi zile Jumapili mbili za kila mwezi ambapo barabara kuu hufungwa kwa magari. Utaratibu huo ulianza mwaka 2016 kwa ajili ya mazoezi na afya. Watu wanakimbia, wanaendesha baiskeli, wanasukuma watoto katika vigari, na siku hizi wapo pia wenye mbwa. Mbwa wawili wasiojuana wakikutana katikati ya lami, kamba zikafungana, wenye mbwa wanalazimika kucheka na kuzungushana kama watu wanaocheza ngoma. Siioni kuwa starehe ya kipuuzi. Katika nchi ambayo watu walifundishwa kwa miaka mingi kuogopana, jambo lolote linalowafanya wageni wawili wacheke pamoja barabarani lina thamani yake.

Sasa nije kwa wanaovuka.

Sababu ya kwanza ya kuvuka ni ya kiafya, nayo haina fumbo. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Wanaoumwa mara nyingi ni watoto. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Wakati huohuo ni ugonjwa unaozuilika kabisa: Louis Pasteur alimchanja mtoto wa kwanza tarehe 6 Julai 1885, na leo inajulikana kwamba mahali ambapo asilimia 70 ya mbwa wamechanjwa, maambukizi hukatika. Yeyote aliyeumwa anapaswa kuosha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali apewe chanjo bila kusubiri kuona kama mbwa ataugua. Mama anayevuka barabara na mtoto mgongoni hajui kama mbwa wako amechanjwa. Hawezi kujua kwa kumtazama. Anachokiona ni meno.

Sababu ya pili ni ya ibada. Ukitoka Kimihurura ukaenda Nyamirambo na Biryogo, sehemu ambazo Kiswahili kilianza kusemwa mjini kwetu muda mrefu kabla ya sisi kukisoma vyuoni, utakutana na Waislamu wanaojitenga na mbwa kwa heshima. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yote ya Waswahili, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wamaliki wana maoni mengine. Mtu aliyetia udhu na anayekwenda kuswali hataki pua yenye unyevu imguse kanzu. Wenye mbwa wengi hufasiri jambo hilo kuwa chuki kwa mnyama, nao wanakosea. Dini hiyohiyo inasimulia katika hadithi zake habari za mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akambeba kwa kinywa hadi juu kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Na katika sura ya Pango, mbwa anatajwa amelala mlangoni, miguu ya mbele ameinyoosha, pamoja na wale vijana waliolazwa miaka mingi. Kwa hiyo mtu anaweza kumpa mbwa maji na bado asitake kuguswa naye. Mambo hayo mawili hayapingani, na methali yetu ya kwamba ukicheza na mbwa atakufuata msikitini haisemi umwue. Inasema uangalie mipaka.

Sababu ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, miili ya watu ililala barabarani, mabondeni na makanisani bila kuzikwa, na mbwa waliikula. Wapo manusura ambao katika ushuhuda wao wameeleza pia jinsi walivyosakwa vichakani kwa msaada wa mbwa. Askari wa RPF walipokuwa wakisonga mbele waliwapiga risasi mbwa waliowakuta. Mwandishi wa Marekani, Philip Gourevitch, katika kitabu chake cha 1998 kuhusu Rwanda, anaeleza jinsi alivyogundua kwamba nchi haikuwa na mbwa, na sababu aliyoelezwa alipouliza. Sisi tuliozaliwa baadaye tumekuta mbwa wakirudi kidogokidogo: kwanza nyuma ya kuta za matajiri na za wageni, kisha kwa walinzi, na sasa kwenye kamba, mchana, mbele ya watu. Wazee wetu wameuona mwendo huo wote, na wengi hawajasema neno.

Tuulize basi swali ambalo pengine linaonekana la kitoto: je, mbwa wale walikosa? Jibu la falsafa ni jepesi. Kosa linahitaji mtu anayeweza kujua kwamba alipaswa kufanya vingine. Immanuel Kant aliwanyima wanyama nafasi ya kuwa na wajibu kwa sababu hiyohiyo, kwamba hawana akili inayoweza kujiwekea sheria. Na asiye na sheria hawezi kuivunja. Wengi wao walikuwa mbwa wa nyumba ambazo hazikuwa na watu tena. Waliokuwa wakiwalisha walikuwa wameuawa au wamekimbia. Njaa ikafanya kazi yake. Sidhani kwamba askari waliowapiga risasi waliwahukumu. Walikuwa wanawalinda wafu ambao hawakuwa na mtu mwingine wa kuwalinda, na wanawalinda walio hai dhidi ya maradhi. Sina ubishi nao.

Ubishi wangu uko kwingine. Mwaka 2005 ilitoka filamu iliyopigwa papa hapa Kigali, "Shooting Dogs", kuhusu shule ya ufundi ya ETO kule Kicukiro. Jina lake linatokana na askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwa tayari kuwapiga risasi mbwa waliokula maiti nje ya uzio, huku amri yao ikiwakataza kuwapiga risasi wauaji ila tu wakishambuliwa kwanza. Padri katika filamu anamuuliza kamanda kama mbwa hao walikuwa wamewafyatulia risasi. Tukio la shule yenyewe si la filamu tu: tarehe 11 Aprili 1994 wanajeshi wa Ubelgiji waliondoka ETO wakawaacha watu zaidi ya 2,000 waliokuwa wamekimbilia kwao, na wengi wao waliuawa siku hiyo Nyanza ya Kicukiro. Ninapomsikia mtu akisema mbwa ni mnyama mwovu "kwa yale waliyoyafanya", huwa nawaza kuhusu swali la padri yule. Kumlaumu mbwa ni rahisi kwa sababu mbwa hajibu, hana mahakama, hana ndugu watakaokasirika, na wakati tunamlaumu tunapata kupumzika kidogo na kuwafikiria binadamu.

Kwa hiyo nakubali kwamba mbwa hana kesi. Mbwa wa leo hata hakuwepo. Mbwa huishi miaka kumi na tatu au kumi na nne akibahatika, kwa hiyo kati yake na wale wa 1994 kuna vizazi kadhaa.

Hapa ndipo wenzangu wengi, hasa wanaopenda mbwa, wanapofunga mjadala. Kama mbwa hana kosa, wanasema, basi hofu dhidi yake haina msingi, na asiye na msingi ndiye anayepaswa kubadilika. Hoja hii inaonekana nyoofu lakini ina kasoro katikati. Inachukulia kwamba hofu ni mashtaka. Mama anayevuka barabara hamshtaki mbwa wako. Hajasema kwamba amekosa. Anachokifanya ni kuuondoa mwili wake mahali ambapo mwili huo hauwezi kutulia. Ukimthibitishia kwamba mbwa hana hatia umejibu jambo ambalo hakuliuliza, kama daktari anayemweleza mgonjwa kwamba kisu ni kisafi wakati mgonjwa analia kwa maumivu.

Tuiangalie sentensi ambayo kila mwenye mbwa huisema: "Usiogope, haumi." Naamini husemwa kwa nia njema. Lakini ina mambo matatu ndani yake ambayo msemaji hayaoni. Kwanza ni amri juu ya moyo wa mtu mwingine. Pili ni taarifa kuhusu historia ya mbwa, inayotolewa kwa mtu ambaye historia yake msemaji haijui hata kidogo. Tatu, na hili ndilo linaloniudhi, inamwachia anayeogopa kazi ya kujieleza. Akiendelea kuogopa baada ya kuambiwa haumi, sasa anaonekana mkaidi au mshamba. Afanye nini? Asimame barabarani aeleze alichokiona akiwa na miaka tisa? Hakuna mtu anayedaiwa ushuhuda wake ili apate kupita njia. Katika nchi yetu tumejenga mahali na nyakati za ushuhuda, tuna kumbukumbu kuanzia tarehe 7 Aprili kila mwaka, na hata huko hakuna anayelazimishwa kusema.

Kati ya hao wawili, mmoja alichagua na mwingine hakuchagua. Mwenye mbwa alichagua kufuga, akachagua saa ya kutoka, njia ya kupita, urefu wa kamba. Anayeogopa hakuchagua kumbukumbu yake. Kwa maoni yangu mzigo wa kusogea unamwangukia aliyekuwa na nafasi ya kuchagua. Yeye ndiye anayepaswa kuvuka barabara, na mapema, bila kuonyesha kwamba amefanya hisani.

Baadhi ya wasomaji watauliza: kwa nini basi tusiwaondoe mbwa barabarani kabisa? Tukianza kupima barabara kwa hofu ya kila mtu, itabaki tupu. Jibu langu ni panga. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi tunakwenda kwenye umuganda tumebeba mapanga begani, kufyeka majani na kusafisha mifereji. Panga lilifanya mabaya kuliko meno ya mbwa yeyote katika nchi hii, na wanaobeba na wanaotazama wanajua. Hatukulipiga marufuku, kwa sababu majani yanaota na watu wanahitaji kula. Lakini nimeona jinsi wazee wanavyolibeba. Wanaligeuza makali chini, wanalishika karibu na mwili, na wakipita karibu na mtu wanalihamishia mkono wa upande wa pili. Hakuna sheria iliyoandikwa kuhusu hilo, wala hakuna anayesema "usiogope, sitakukata". Ni adabu ya mwili inayojua kwamba njia ina watu wengine. Mbwa naye apitishwe hivyohivyo. Kamba ifupishwe, mbwa ahamishiwe upande wa nje, na mtu asalimiwe kwanza kabla mbwa hajamfikia.

Watu wa fasihi watasema methali imeshalisema hili: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Ninaipenda kwa sababu inaanza na mwenyewe. Mnyama anayeonekana barabarani ni picha ya mtu aliyemlea, na ukitaka kujua kama mbwa ni wa kuogopwa mtazame anayeshika kamba: je, anatazama mbele kuona nani anakuja, au anatazama simu?

Kuna pia deni la upande wa pili, ingawa ni dogo zaidi. Anayeogopa ana haki ya kuvuka, hana haki ya kurusha jiwe. Watoto wa mitaa yetu wengi humrushia jiwe mbwa yeyote asiye na kamba, na watu wazima huwatazama wakicheka. Kant, ambaye hakuwa mtetezi mkubwa wa wanyama, alifundisha kwamba anayemtendea mnyama ukatili anaua huruma ndani yake mwenyewe, na huruma hiyo ataihitaji kwa watu. Nadhani alikuwa na haki ingawa hakufika mwisho. Mbwa aliyepigwa jiwe anaumia yeye kwanza, kabla tabia ya mtoto haijaharibika. Na mbwa koko aliyepigwa kila siku ndiye atakayeuma kesho, kwa hiyo jiwe linaongeza ile hofu inayodaiwa kulipunguza.

Niseme kidogo kuhusu lugha, maana sisi ni wanafunzi wa lugha. Tunaosoma Kiswahili tukiwa na Kinyarwanda kinywani tunajua jinsi mbwa anavyotusumbua katika upatanisho wa kisarufi. Kinyarwanda kinasema "umuntu ariruka" kwa mtu, lakini "imbwa iriruka" kwa mbwa: mbwa amewekwa katika ngeli ya vitu vingi vingine. Kiswahili kinasema "mtu anakimbia" na "mbwa anakimbia", kiambishi kilekile. Ndiyo maana madaftari yetu ya mwaka wa kwanza yamejaa "mbwa yangu inakimbia", na wino mwekundu juu yake. Lakini Kiswahili nacho hakikumpa mbwa kila kitu. Tunasema "rafiki yangu", "ndugu yangu", "mama yangu", ila "mbwa wangu". Amepewa uhai, hakupewa udugu. Sitaki kujenga falsafa juu ya viambishi, maana hata kunguni anapatanishwa kama mtu na hakuna anayemtembeza. Hata hivyo mpaka huo, wa kiumbe aliye hai lakini asiye ndugu, unalingana na ninachojaribu kusema. Na inafaa kukumbuka kwamba katika lugha zote mbili, kumwita mtu mbwa ni kumtukana vibaya. Tumemchukua mnyama anayetukaribia kuliko wote tukamfanya jina la aliye duni kuliko wote.

Emmanuel Levinas anajulikana kwetu kama mwanafalsafa wa uso wa mwenzako, lakini ana maandishi mafupi ya mwaka 1975 kuhusu mbwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa mfungwa wa kivita huko Ujerumani, katika kikosi cha wafungwa Wayahudi waliokatishwa miti msituni. Watu waliowaona njiani, anasema, hawakuwaona kama watu. Kisha kwa majuma machache mbwa asiye na mwenyewe alikuja kuishi karibu na kambi. Wafungwa walimwita Bobby, jina ambalo hata Kigali halikosekani. Asubuhi walipotoka na jioni waliporudi alikuwa akiwaruka na kubweka kwa furaha. Kwake wao walikuwa watu, hilo halikuwa na shaka. Halafu walinzi wakamfukuza.

Msomaji wa Rwanda hawezi kusoma habari hiyo bila kufikiria vizuizi vya barabarani vya 1994, ambapo kitambulisho chenye neno moja kiliamua nani apite. Mbwa hasomi kitambulisho. Mwaka 1994 hakukuwa na mbwa aliyemuuliza mtu kabila. Tungependa kuishia hapo, tukamfanya mbwa mwalimu wetu. Lakini mbwa huyohuyo asiyeuliza kabila la aliye hai hakuuliza pia kabila la maiti. Kutojali kwake jina la mtu hakutokani na wema, ni jinsi alivyo tu. Levinas mwenyewe alilijua hilo. Alisema kwa mzaha wenye uchungu kwamba Bobby alikuwa mfuasi wa mwisho wa Kant katika Ujerumani ya Wanazi, akaongeza kuwa hakuwa na ubongo wa kuifanya kanuni. Hapo naona aliishia njiani. Salamu ya mbwa haihitaji kuwa kanuni ili iwe na thamani. Wale wafungwa walihitaji kiumbe kimoja kiwafurahie, wakakipata. Mlinzi wa geti la kijani naye hajawahi kuuliza kama mbwa anayemsalimu ana maadili.

Furaha hiyo basi ni zawadi, na zawadi haidaiwi. Mwenye mbwa anayesikitika kwamba watu hawamfurahii mbwa wake anadai kisichodaiwa. Wapo ambao mbwa amewapa, wapo ambao hawezi kuwapa kitu, na barabara ni ya wote.

Limebaki jambo moja linaloharibu unadhifu wa hoja yangu. Nimesema mzigo unamwangukia aliyechagua. Lakini katika mitaa yenye kuta ndefu, mara nyingi anayeshika kamba hakuchagua kitu. Ni kijana wa kazi za nyumbani aliyetoka kijijini, aliyekabidhiwa mbwa mwenye nguvu kumshinda pamoja na ufagio na jiko. Hakuulizwa kama anaogopa mbwa. Hajaonyeshwa cheti cha chanjo, wala hajaambiwa afanye nini akiumwa. Mbwa akimrukia mpita njia, atakayetukanwa ni yeye. Mbwa akimuuma yeye, huenda asisubutu hata kusema. Kamba iko mkononi mwake, lakini kesi ni ya aliyebaki ndani. Mwenye mbwa anadaiwa na wapita njia, na anadaiwa kwanza na huyu kijana: amchanje mbwa, amfundishe kijana kumwongoza, amwachie uhuru wa kuchagua njia na saa, na asubuhi moja moja aishike kamba mwenyewe.

Kijana mmoja wa Kacyiru aliniambia kwamba mwezi wake wa kwanza alikuwa akimtoa mbwa saa kumi na moja alfajiri, gizani, kwa sababu alimwogopa na hakutaka watu wamwone akiogopa. Sasa wanatoka saa mbili, wamezoeana, na akimwona mzee mmoja mwanamke wa mtaa wa chini anapanda, huvuka yeye kwanza na kusimama na mbwa nyuma ya mti hadi mama yule apite. Nilimuuliza kama bosi wake ndiye aliyemwagiza hivyo. Akacheka. Bosi wake, alisema, hajawahi kutembea na mbwa huyo na hajui hata wanapita wapi.